Sikio linavuma, na sasa linawaka moto

Mlio wa masikio peke yake hauchomi. Unakera, unaiba usingizi, unamfanya mtu aombe kurudiwa neno mara mbili mbili, lakini hauunguzi. Kwa hiyo wewe uliyezoea kusikia filimbi, mvumo au sauti ya nyenje sikioni kwa miezi au miaka, kisha siku moja sikio lenyewe likaanza kuwaka kama limepakwa pilipili, usijiambie kwamba ule ugonjwa wako wa zamani umekomaa. Ama tatizo la pili limeingia, ama kuna tatizo moja lililokuwa likileta yote mawili tangu mwanzo na hakuna aliyelitafuta.

Wenye mlio si wachache. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika kila watu wazima 7 duniani, mmoja anaujua. Wengi wao walipokwenda kutibiwa waliambiwa hauna dawa, wauzoee, na wakauzoea kweli. Shida ni kwamba mtu aliyeambiwa azoee huzoea hata yasiyofaa kuzoewa. Moto wa sikioni mara nyingi una chanzo kinachotafutika, vingi vya vyanzo hivyo vinatibika, na vichache havitaki kusubiri hata wiki moja.

Kabla hujaenda popote, jiulize linawaka wapi hasa. Ni lile sikio la nje linaloonekana kwenye kioo, ni ndani ya tundu, au ni mbali ndani ambako kidole hakifiki? Kisha jiulize linawaka lini: ukitafuna, ukiguswa, ukisikia kelele, baada ya kuoga, usiku wa manane? Mgonjwa anayeingia kwa daktari na majibu ya maswali haya mawili amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Daktari akisema "sikio halina kitu"

Sikio hupata hisia zake kutoka kwenye mishipa ya fahamu ya sehemu nyingi za mwili. Upande wake wa mbele unahudumiwa na mshipa uleule wa taya na meno. Ndani ya tundu kuna tawi la mshipa unaosogeza misuli ya uso, na tawi jingine la mshipa mrefu unaoshuka kooni, kifuani hadi tumboni. Chumba kilicho nyuma ya kiwambo cha sikio kinashirikiana na koo na shina la ulimi. Ndewe na ngozi ya nyuma ya sikio zinahudumiwa na mishipa inayochomoza kwenye shingo, upande wa juu. Ushahidi pengine unao mwenyewe: wako watu ambao kila wakichokonoa sikio hukohoa. Kikohozi hicho hakina uhusiano na mafua wala mapafu. Kijiti kimegusa tawi la mshipa wa kooni.

Kwa hiyo habari za jino bovu zinaweza kufika kwenye ubongo zikapokewa kama habari za sikio. Daktari anachungulia kwa kile kifaa chenye taa, anaona tundu safi na kiwambo kizima, anasema hamna kitu. Kauli hiyo inahusu sikio tu. Haisemi kwamba huumwi, wala haisemi kwamba msako umekwisha. Ndipo unapoanza.

Vijiti, funguo na unyoya wa kuku

Lakini tuanze na lililo la kawaida kuliko yote. Mtu mwenye mlio hujenga imani kwamba kuna kitu kimeziba. Anachokonoa. Anatumia kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti, kofia ya kalamu, ufunguo, pini ya nywele, na huko vijijini unyoya wa kuku. Mara nyingine mlio unatulia kidogo, au anadhani umetulia, naye anarudia kesho yake.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Sehemu yake ya ndani ina ngozi nyembamba mno iliyolala moja kwa moja juu ya mfupa, bila nyama ya kuikinga. Ukiikwaruza hapo unaondoa nta, ambayo si uchafu. Ina mafuta, ina uchachu kidogo, na kazi yake ni kuzuia maji na vijidudu visiigeuze ngozi ile kuwa shamba. Nta ikishaondolewa na ngozi ikachubuka, bakteria wanaingia. Maumivu yake huwa makali yenye kuchoma, na alama yake ni rahisi: ukivuta sikio la nje kuelekea juu, au ukibonyeza ile nundu ndogo iliyo mbele ya tundu, unaruka. Maambukizi ya nyuma ya kiwambo, yale ambayo watoto huyapata baada ya mafua, kwa kawaida hayana tabia hiyo.

Wanaoogelea sana wanaujua ugonjwa huu. Wanaoishi pwani nao wanamjua ndugu yake, fangasi wa sikio, ambao hupenda joto na unyevu. Fangasi huanza kwa muwasho kuliko maumivu. Muwasho unaleta kuchokonoa, kuchokonoa kunaleta moto. Daktari akichungulia huona utando mweupe au vidoa vyeusi. Na hapa kuna mtego: fangasi hustawi zaidi kwa mtu aliyetumia matone ya antibiotiki kwa muda mrefu. Mgonjwa anarudi duka la dawa, anapewa chupa nyingine ya yale yale, na hali inazidi kuwa mbaya. Ukiona umemaliza chupa ya matone na sikio linawasha na kuchoma kuliko ulipoanza, acha kununua. Unahitaji mtu wa kuchungulia na kusafisha tundu kwa vifaa, kwa sababu dawa ya fangasi nayo haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu uliojaa.

Kuna wakati dawa yenyewe ndiyo moto. Matone mengi ya kloramfenikoli yanayouzwa madukani yamechanganywa katika kiyeyushi ambacho ngozi za baadhi ya watu hazikivumilii. Neomaisini, iliyo katika matone na marhamu nyingi, ni mashuhuri kwa kuleta mzio. Na kama kiwambo chako kina tundu, jambo ambalo huwezi kulijua kwa kujitazama, spiriti, siki au haidrojeni peroksaidi itapita hadi chumba cha ndani na kukuchoma vibaya. Matone ya kundi la jentamaisini yakipita hapo yanaweza kudhuru sikio la ndani lenyewe, na mlio ukawa wa kudumu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba sikio lisitiwe matone yoyote mpaka mtu aliyesomea amechungulia kiwambo.

Mafuta ya taa, mkojo, maji ya kitunguu saumu, mafuta ya moto: haya sitayajadili kwa urefu. Yanachoma, na hayatibu. Isipokuwa hali moja tu. Mdudu hai akiingia sikioni na kuanza kukukwaruza, mafuta ya kula ya vuguvugu humtuliza, mradi huna historia ya kiwambo kutoboka au sikio kutoa usaha; kisha nenda akatolewe. Na mtoto akiingiza betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya mwanasesere, usitie maji wala mafuta wala matone. Kimbia naye hospitali saa hiyo hiyo, kwa kuwa betri ya namna hiyo inaunguza ngozi ndani ya saa chache.

Saluni, hereni na piko

Kama moto uko kwenye sikio la nje, jitazame kwenye kioo kabla ya kufikiria mambo makubwa. Ngozi imebadilika rangi? Ina magamba, majimaji, malengelenge madogo? Dawa ya kulainisha nywele ina magadi makali, ndiyo maana msusi mwenye uzoefu hupaka mafuta ya mgando kwenye masikio na kando ya uso kabla ya kuanza. Asiye na uzoefu hasahau kupokea pesa, lakini husahau mafuta. Rangi nyeusi ya nywele na piko ile nyeusi sana inayopakwa kwenye harusi za pwani huwa na kemikali inayoitwa parafenilinidiamini. Mtu anaweza kuitumia mara kadhaa salama, kisha mwili ukaikataa, na kuanzia hapo kila akiipaka ataungua, masikio yakiwemo.

Hereni za bei nafuu zina nikeli, nayo ni chanzo kikubwa cha ukurutu wa ndewe. Vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo wenye mlio wengi huvaa, vinaweza kubana au kufungia jasho ndani ya tundu. Vile vispika vidogo vya simu vinavyotumbukizwa sikioni navyo hufanya vivyo hivyo, na ukilala navyo usiku kucha ukijaribu kuufunika mlio kwa muziki, unaongeza kubana na jasho. Bora redio ndogo mezani, sauti ya chini, sikio likipumua.

Mkanda wa jeshi ukipanda kichwani

Hili ndilo ningependa msomaji alikumbuke hata akisahau mengine yote. Mkanda wa jeshi tunaujua mbavuni na mgongoni: malengelenge yaliyojipanga upande mmoja, na moto usioelezeka. Vinavyouleta ni virusi vya tetekuwanga uliyougua utotoni, ambavyo havikutoka mwilini bali vilijificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu. Vinaweza kuamka kwenye mshipa wowote, na mmojawapo ni ule wa uso unaopita sikioni.

Mwaka 1907 daktari Mmarekani James Ramsay Hunt aliueleza ugonjwa huo, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mwimbaji Justin Bieber aliutangazia ulimwengu mwezi Juni 2022 alipojitokeza kwenye video huku nusu ya uso wake haisogei. Huanza kwa maumivu makali ya kuchoma ndani au kuzunguka sikio, mara nyingi siku chache kabla ya kipele chochote kuonekana. Kisha malengelenge hutokea kwenye sikio la nje, mlangoni mwa tundu, au hata kwenye ulimi na kaakaa. Uso unaweza kupooza upande huo, jicho likashindwa kufumba. Mlio huongezeka au huanza, usikivu hupungua, kizunguzungu huja.

Mtu aliyekuwa na mlio tangu zamani ndiye anayechelewa zaidi hapa, kwa sababu anaona dalili mbili kati ya hizo kuwa ni mambo yake ya kila siku. Dawa za virusi, kama asiklovia, hutolewa pamoja na steroidi, na matokeo huwa mazuri zaidi zikianza ndani ya saa 72 tangu dalili kutokea. Siku tatu. Ukipoteza siku hizo ukisubiri Jumatatu, uso unaweza usirudi ulivyokuwa. Upande ambao jicho halifumbi, lilindwe lisikauke: matone ya machozi bandia mchana, na usiku lifunikwe.

Neno jingine kuhusu mkanda wa jeshi. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki madaktari wameona kwa miongo mingi kwamba ukimpata kijana, mara nyingi huashiria kinga ya mwili imeshuka kwa sababu ya VVU. Si kila anayeupata ana VVU. Wazee, wenye kisukari na waliochoka kwa maradhi mengine huupata pia. Lakini kipimo ni cha bure katika vituo vingi vya serikali, na dawa zipo. Pima tu, ujue.

Hata malengelenge yakikauka, moto unaweza kubaki kwa miezi. Mshipa umejeruhiwa na unaendelea kutuma taarifa za uongo. Maumivu ya aina hiyo hayasikii parasetamoli. Yana dawa zake, kama amitriptilini na gabapentini, ambazo hutolewa na daktari kwa dozi ndogo inayopandishwa polepole. Usishangae ukiona zimeandikwa kuwa za sonona au kifafa, hujaitwa mwendawazimu. Dawa hizo hutuliza mishipa ya fahamu, basi.

Taya linalojifanya sikio

Weka vidole viwili mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha fungua na kufumba kinywa. Kile unachokisikia kikicheza ni kiungo cha taya, nacho kimepakana na tundu la sikio ukuta kwa ukuta. Kikivimba au misuli yake ikichoka, maumivu hupokewa sikioni. Huweza kuwa ya kubana, ya kuvuta, au ya kuchoma, na hukolea asubuhi kwa wanaosaga meno usingizini, au baada ya mlo kwa wengine.

Hapa mlio na moto huweza kuwa na mzazi mmoja. Jaribu: uma meno kwa nguvu, sukuma taya mbele, kisha geuza shingo kushoto na kulia. Kama mlio unabadilika, unapanda, unashuka au unageuka sauti, basi taya au shingo ina mkono wake humo. Nimeshangazwa mara nyingi na jinsi watu wanavyokaa miaka na mlio bila mtu yeyote kuwaambia wajaribu jambo hili dogo lisilo na gharama.

Angalia kazi unayolipa taya lako. Mtafunaji wa miraa anaweza kulifanyisha kazi tangu alasiri hadi usiku mwingi. Bigijii kutwa nzima, muwa, mahindi makavu ya kuchoma, kung'ata kalamu, kutafuna upande mmoja kwa sababu magego ya upande wa pili yameng'olewa: yote yanahesabika. Gego la mwisho la chini lililoota kwa kulala, au jino lililooza hadi kwenye mzizi, huweza kuwasha sikio la upande huo bila jino lenyewe kuuma sana. Kwa hiyo kumwona daktari wa meno ni sehemu halali ya matibabu ya sikio. Anaweza kutengeneza kinga ya kuvaa usiku kwa wanaosaga meno. Nyumbani, kwa wiki mbili, kula vyakula laini, acha kutafuna visivyo vya lazima, piga miayo kwa kushika kidevu, na kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana isipokuwa unapokula. Jikague kila ukikumbuka.

Shingo inafuata njia hiyohiyo. Fundi cherehani aliyeinama kutwa, dereva wa bodaboda mwenye kofia nzito, kijana aliyekunja shingo juu ya simu hadi saa nane usiku: mishipa ya juu ya shingo ikibanwa au misuli ikikakamaa, moto hupanda nyuma ya sikio na kwenye ndewe, wakati mwingine ukiambatana na ganzi ya ngozi ya kichwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hapa hufaa kuliko matone yote ya sikio.

Sauti inapouma

Kuna kundi la watu ambao sikio lao halina kidonda, taya ni zima, shingo ni nzima, lakini kila kelele ikipita huacha moto ndani kabisa. Sufuria ikianguka, honi ikilia, mtoto akipiga yowe, sikio linachomeka, na moto unaweza kukaa saa nzima au siku nzima. Wengi wao wana mlio pia.

Kisa mashuhuri ni cha Christopher Goldscheider, mpiga viola wa okestra ya Royal Opera House mjini London. Mwaka 2012, katika mazoezi ya opera ya Wagner, Die Walküre, aliketi mbele ya safu ya wapiga ala za shaba. Baada ya siku hiyo masikio yake hayakurudi tena kuwa kama zamani. Sauti za kawaida za nyumbani zikawa mateso, naye akaacha muziki. Alishitaki. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikubali kwamba alipata mshtuko wa sauti, na mwaka uliofuata rufaa ya mwajiri ikatupwa. Kesi ile ilifanya jambo moja muhimu: ilitambua kwamba madhara ya kelele hayaishii kwenye uziwi.

Sababu ya sauti kuuma bado inachunguzwa. Mwaka 2015 maabara mbili za Marekani zilionyesha, kwa panya, kwamba katika sikio la ndani kuna nyuzi za fahamu ambazo hazishughulikii usikivu wa kawaida bali hushtuka seli zinapoharibika, mfano wa nyuzi za maumivu za ngozini. Wengine wanaamini kimsuli kidogo kinachokaza kiwambo hubaki kimekakamaa baada ya mshtuko, kikaleta hisia ya sikio kujaa, kupapatika na kuchoma. Kimsuli hicho kinaendeshwa na mshipa uleule wa taya, jambo linaloeleza kwa nini wagonjwa hawa wengi wana taya linalouma pia.

Ushauri hapa una ncha mbili. Kelele kubwa ikimbie. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 inavumilika kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa 4 tu. Matatu yenye spika kubwa, mashine ya kusaga nafaka, karakana ya kukata vyuma na ukumbi wa muziki hupita kiwango hicho bila jasho. Vaa kinga za masikio huko. Lakini usizivae sebuleni wala kitandani kwa kuogopa kijiko. Sikio linalofungiwa kimya kutwa huongeza unyeti wake, na kesho yake hata minong'ono itakuwa kelele. Ukimya mzito pia huupa mlio nafasi ya kutamba. Rudisha sauti laini kidogo kidogo, kwa kiwango ambacho hakikuumizi.

Yanayotokea mara chache

Sikio la nje likigeuka jekundu au likapata joto kali ghafla, likawaka kwa dakika au saa kadhaa kisha likapoa lenyewe, inawezekana ni hali ambayo daktari Mwaustralia James Lance aliieleza mwaka 1996. Huwapata zaidi wenye kipandauso au matatizo ya shingo ya juu. Kwa ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane, kwa hiyo gusa ulinganishe joto la masikio mawili. Likivimba na kuuma sehemu zote zenye gegedu huku ndewe ikibaki salama, hasa ikiwa viungo au macho nayo yanauma, huenda mwili unashambulia gegedu zake wenyewe. Na maumivu kama shoti ya umeme, ya sekunde chache, yanayofyatuka ukimeza au ukigusa mahali fulani, ni ya mshipa wenyewe wa fahamu. Kabamazepini ndiyo dawa ya zamani na bado inaheshimika, chini ya uangalizi.

Usiyopaswa kuyalea nyumbani

Mwenye kisukari, hasa mzee, mwenye maumivu ya sikio yanayozidi usiku na usaha usiokauka kwa matone, anaweza kuwa na maambukizi yaliyokwisha kuingia kwenye mfupa wa fuvu. Huo ni ugonjwa wa kulazwa na kupewa antibiotiki kwa wiki nyingi.

Usikivu ukipotea ghafla sikio moja, ndani ya siku moja hadi tatu, ni dharura hata kama huna maumivu. Steroidi huanza kutolewa mapema, na kila wiki inayopita hupunguza matumaini.

Sikio moja linalouma kwa wiki tatu na zaidi huku likiwa safi kwa daktari, kwa mtu mwenye sauti iliyokwaruza, anayemeza kwa shida, mwenye uvimbe shingoni, au anayetokwa damu puani, linataka koo na nyuma ya pua vichunguzwe kwa kamera. Saratani za huko wakati mwingine hujitangaza sikioni mapema kuliko mahali pake, na ile ya nyuma ya pua si ngeni nchini Kenya. Wavutaji wa sigara na wanywaji wa pombe kali wasilichukulie jambo hili kwa mzaha. Vilevile mlio wa upande mmoja tu, pamoja na usikivu uliopungua upande huo au ganzi ndani ya tundu, unahitaji picha ya MRI kuangalia uvimbe kwenye mshipa wa usikivu. Mara nyingi haukutwi. Unatafutwa ili kuondoa shaka.

Ukifika hospitali

Nenda na daftari la siku kadhaa: saa moto ulipoanza, ulikuwa unafanya nini, ulikula nini, kelele ilikuwapo au la, ulidumu muda gani. Beba chupa na paketi za dawa zote unazotumia, pamoja na zile za mitishamba. Kwinini, aspirini kwa dozi kubwa, sindano za jentamaisini na baadhi ya dawa za kupunguza maji mwilini huongeza mlio, na daktari hawezi kuliona hilo usoni mwako. Usiache mwenyewe dawa uliyoandikiwa. Uliza kama ipo mbadala.

Mpaka siku ya miadi, liache sikio likavu. Ukioga, weka kipande cha pamba kilichopakwa mafuta ya mgando mlangoni mwa tundu, kisha kitoe. Usiogelee. Parasetamoli inatosha kwa wengi. Mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu asijipe ibuprofeni. Lala. Maumivu na mlio hupeana nguvu mtu akikosa usingizi na akijawa na hofu, na tiba ya mazungumzo ya kubadili namna ya kuupokea mlio ina ushahidi mzuri kwa wanaoteseka nao.

Kliniki za masikio, pua na koo zipo Muhimbili, KCMC, Bugando, Kenyatta na katika hospitali nyingine kubwa, na njia ya kufika huko ni barua ya rufaa. Ukiwa umechunguzwa mara mbili ukaambiwa sikio ni safi, na bado linawaka, usirudi nyumbani na chupa ya tatu ya matone. Iombe barua hiyo kwa heshima na bila kuona aibu, na umwombe daktari atakayekupokea aangalie taya, shingo na koo kabla hajaandika dawa.